Mashine Ile Haikuwa Raia

Kabla mimi sijakigusa, kitabu cha mipangilio kilikuwa aibu tupu. Sisemi hivyo kumwonea mtu. Walioandika walikuwa watano, kila mmoja kwa miaka yake, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kusoma alichoandika mwenzake. Kilikaa juu ya meza ndogo karibu na kompyuta ya kampuni ya shaba, katikati ya mji wa Lubumbashi, kurasa zake zimefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu.

Kazi ya kitabu hicho ilikuwa kueleza namna ya kuiandaa mashine kabla ya kuipa kazi. Siku hizo hakuna aliyeandika kwenye kioo. Tulitoboa matundu kwenye kadi za karatasi ngumu, na juu kabisa ya kila kadi maneno yalichapwa kwa wino mdogo ili binadamu naye apate kusoma. Kadi za mbele ndizo zilizokuwa za mipangilio. Ziliiambia mashine leo tunataka orodha gani, ya mji gani, ya wafanyakazi wa aina gani. Mashine ilizisoma kama mlinzi anavyosikiliza neno la siri, kisha ikafungua njia, na maneno yenyewe hayakuonekana tena popote. Ukikosea kadi za mbele, zile mia zinazofuata nyuma ni takataka.

Sasa wasikie wale watano. Wa kwanza, Mbelgiji, aliandika kwa adabu za karamu: opereta atakuwa na wema wa kuiweka kadi mahali pake. Wa pili alibania maneno kana kwamba anatuma telegramu. Wa tatu alieleza tu yale ambayo hayatakiwi kufanywa, akasahau kusema yanayotakiwa. Wa nne alichora mishale, na mishale yake miwili ilielekea nje ya ukurasa. Wa tano aliandika kwa penseli, na nyuma ya ukurasa wake kulikuwa na orodha ya vitu vya kununua kwa ajili ya ubatizo, kuku watatu na soda. Kadi moja ile ile, ya kwanza kabisa, waliipa majina manne: kadi mama, kadi ya kichwa, kadi kuu, kadi ya kufungulia. Siku moja alikuja opereta wa kushikiza kutoka Likasi. Alisoma kitabu chote kwa uangalifu, akatafuta kadi nne, akapata moja, akakunja mikono na kukataa kuanza kazi mpaka aletewe zile tatu zilizoibwa. Orodha za mgao wa unga wa wafanyakazi zikachelewa siku nzima, na akina mama wa kambi za kampuni walirudi nyumbani na mifuko mitupu.

Mimi nilikuwa dactylo wa idara, yaani mpiga chapa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na hasira za bure. Kitu kimoja kikiwa na majina mawili, nilikuwa naumwa kichwa, kweli kabisa. Nyumbani kwetu kulikuwa na kopo lililoandikwa majani ya chai ambalo mama alitilia chumvi, na kila nikilipita nilimgombeza. Kwa hiyo mkurugenzi, mtu wa maneno machache aliyefunga vifungo vyote vya abakosti yake, suti ya kizalendo isiyovaliwa tai, hata joto likizidi, aliponiita ofisini, nilikuwa nimeshajua nitakachosema.

"Citoyenne," akasema, "minataka kitabu moja, style moja. Hata muntu mwenye hajui kitu asome, asikie."

Nikamjibu kwamba nilikuwa nasubiri amri hiyo tangu siku niliyoajiriwa.

Wiki ile ile ukaja waraka wa chama tawala. Nchi ilikuwa imekwisha kubadilisha jina, nasi wenyewe tulikwisha kuyaacha majina yetu ya ubatizo na kutafuta mengine kwa babu zetu. Sasa ilikuwa zamu ya karatasi. Kila hati isafishwe maneno ya kikoloni. Nchi isiitwe tena Congo bali Zaïre. Mji usiandikwe kwa jina la malkia wa Wabelgiji bali Lubumbashi. Na mtu asiitwe Monsieur. Wote ni Citoyen, yaani raia.

Nikajiambia, kwa nini nipite mara mbili juu ya kurasa zile zile? Nitafua na kupiga pasi siku moja. Nikajiwekea sheria nikazibandika ukutani mbele ya mashine yangu ya chapa. Kitu kimoja, jina moja. Mstari mmoja, tendo moja. Kwa kila tendo atajwe anayelifanya. Kadi yenye majina manne ikawa kadi mama tu, maana nililipenda hilo. Kisha nikachukua yale maneno matatu yaliyokatazwa nikayawinda kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Popote palipokuwa na MONSIEUR nikaandika CITOYEN. Palipokuwa na CONGO nikaandika ZAIRE, palipokuwa na ELISABETHVILLE nikaandika LUBUMBASHI. Sikubakisha hata moja. Nilikuwa na furaha ambayo siku hizi siipati hata nikifagia nyumba nzima.

Kitabu kilipokamilika mkurugenzi alikipima mkononi kama mkate, akasema "bien", yaani vizuri. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Nikakipeleka mwenyewe kwenye chumba cha mashine nikamkabidhi mzee.

Mzee alikuwa opereta mkuu. Wazazi wake walitoka Kasai wakaja kufuata kazi, na yeye aliingia kampuni kijana, enzi za mashine zilizojua kuchambua kadi tu. Alikuwa amebakiza miezi sita astaafu. Kampuni ilikuwa na desturi: mtu wa namna yake akimaliza kazi bila doa, aliachiwa nyumba aliyokaa kambini mpaka mwisho wa maisha yake. Akifukuzwa, alipewa siku thelathini atoke. Katika nyumba hiyo aliishi na mkewe, binti yake mjane, na wajukuu ambao sikuwahi kuwahesabu vizuri kwa sababu hawakutulia. Niliwahi kula kwake bukari, yaani ugali, na dagaa mara nyingi. Ndiye aliyenifundisha kadi ni nini, kwa subira ambayo mimi sikujaliwa.

Basi mzee akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Kesho yake alikuwa amekivalisha jalada la nailoni. Kila asubuhi, tukishamaliza kuimba na kucheza mbele ya bendera, alivaa miwani, akakifungua, akageuza kurasa moja moja huku akiandaa kadi. Mimi nilichungulia kupitia kioo cha mlango nikajiona mkubwa.

"Papa, kitabu kinatumika muzuri?"

"Kinatumika, mama. Iko clair," akasema, yaani kiko wazi.

Miezi miwili ikapita, na orodha za unga zikatoka kila mara kwa wakati. Hakuna opereta aliyekunja mikono. Nikaanza kuwaza kwamba idara nyingine nazo zingefaa kupata mtu kama mimi, na nadhani niliwahi kulisema hilo kwa sauti.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika mjumbe wa chama. Naomba hilo likumbukwe. Mjumbe alikuwa mtunza stoo ya karatasi katika idara yetu. Asubuhi alituongoza kuimba, na siku nzima alikaa na hofu kwamba kuna kitu amekosa kukiona. Hakuwa mtu mbaya. Nilimwambia aje aandike ripoti kwamba idara yetu ina kitabu safi kuliko vyote, naye akaja na daftari na kalamu mbili, ya pili ikiwa ni ya tahadhari.

Alisimama nyuma ya mzee, akatazama kazi kwa heshima. Kisha, kwa kutaka tu kuonekana anaelewa, akachukua kadi moja kutoka kwenye rundo lililokuwa tayari kuingia mashineni. Akaisogeza karibu na macho. Nikamwona anaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota mende.

"Citoyen," akamwambia mzee, "hii ni nini?"

"Ni kadi."

"Minaona ni kadi. Hapa juu banaandika nini?"

Mzee akarekebisha miwani na kusoma taratibu, kana kwamba ni mara yake ya kwanza. "Banaandika MONSIEUR. Pale, CONGO. Na huku mwisho, ELISABETHVILLE."

Mjumbe akafunga daftari lake.

"Njo nani alitoboa hii kadi?"

"Ni miye."

"Na kitabu kinasema nini?"

Kabla mzee hajafungua mdomo, mimi nikajibu. "Kitabu kinasema CITOYEN! Page douze, mustari ya tatu. Iko clair kabisa!"

Katika maisha yangu nimesema maneno mengi ya kijinga, lakini hayo ndiyo ninayoyajutia zaidi. Sikuwa na wazo lolote la hatari. Nilikuwa nimeumia. Miezi miwili nimechungulia kwenye kioo nikimwona anageuza kurasa zangu, kumbe mikono yake ilikuwa inafanya mambo mengine. Kadi zote za zamani alikuwa amezihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza.

Mjumbe akalifungua kopo. Kila kadi aliyoitoa ilikuwa na yale maneno matatu. Akaanza kutokwa na jasho, na chumba kile kilikuwa baridi.

"Papa, donc weye ungali unataka Babeleji barudie?"

"Miye minataka bantu bapate bunga," mzee akasema.

Jibu hilo lilihesabiwa kuwa kiburi. Ikaamuliwa tume ikae Jumamosi, baada ya salongo, watu wakishamaliza kufyeka na kuzibua mitaro.

Ijumaa mkurugenzi aliniletea barua niipige chapa, ibaki tayari tume ikubali. Mzee anafukuzwa kwa hujuma. Nyumba irudishwe kampuni katika siku thelathini. Niliipiga bila kosa hata moja, na bado nilikuwa na kinyongo, nakiri. Nilipofika kwenye mstari wa nyumba ndipo vidole vikaanza kuwa vizito. Nilimwona mawazoni mkewe akiinamia sufuria. Nikaitoa karatasi kwenye mashine nikashuka mpaka kwa mzee.

"Papa, juu ya nini haukutumika kitabu yangu?"

"Kitabu yako iko muzuri, mama. Leka vile."

"Basi nitabaonyesha tume. Nitaweka kadi sawa mu kitabu, mashini itatumika, nabo bataona kama ulisahau tu, juu ya buzee. Muntu hawezi kufukuzwa juu ya kusahau."

Akaendelea kupanga kadi. "Leka vile," akarudia, yaani niache hivyo hivyo. Nikaondoka nikiwa nimekasirika zaidi, maana nilijiona namwokoa.

Jumamosi wajumbe wa tume walikuja moja kwa moja kutoka kwenye mitaro. Majembe na mapanga waliyapanga nje ya mlango wa chumba cha mashine, viatu vyao vikaacha udongo mwekundu kwenye sakafu iliyokuwa inafagiliwa mara tatu kwa siku. Walikuwa mkurugenzi, mjumbe wa chama na wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubali. Mzee alisimama pembeni, mikono nyuma.

Nikafungua kitabu ukurasa wa kumi na mbili, nikasoma kwa sauti, nikatoboa kadi mpya kama ilivyoandikwa, nikaziweka. Nikabonyeza kitufe. Kando ya kompyuta kulikuwa na mashine ya chapa iliyojiandikia yenyewe pale kompyuta ilipotaka kutujibu. Ikatetemeka, ikaandika mistari mitatu, ikatulia.

Mkurugenzi akainama asome. "CITOYEN: INCONNU," akasema kwa sauti, yaani huyo hajulikani. Mstari wa pili aliusoma kimoyomoyo.

Mstari wa pili ulisema ZAIRE: INCONNU. Wa tatu, LUBUMBASHI: INCONNU.

Nikasema nimekosea kutoboa. Nikatoboa upya, polepole. Mashine ikaandika mistari ile ile. Nikajaribu mara ya tatu, na karatasi ikazidi kujikunjua kuelekea sakafuni ikiwa na mistari tisa inayosema kwamba raia, nchi na mji havijulikani.

"Simamisha!" mjumbe akapiga kelele. "Arrête! Inaongeza tu, inaongeza!"

Tatizo sasa likawa karatasi yenyewe. Ndani ya chumba hicho hapakuwa na hati ya hatari kuliko hiyo, na hakuna aliyetaka kukutwa ameishika. Mkurugenzi aliikata akampa mjumbe. Mjumbe akampa aliyekuwa kando yake ili aisome vizuri, naye akasema amesahau miwani, ingawa alikuwa ameivaa. Akampa wa nne. Wa nne akairudisha kwa mkurugenzi kwa sababu ya cheo. Mtu akapendekeza ichomwe, lakini karatasi za mashine ile zilikuwa na namba mfululizo, na karatasi ikipotea ilitakiwa barua ya kueleza ilisema nini. Ilizunguka mara mbili. Mwishowe mzee akaipokea, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwake, na wote wakapumua.

Kisha, bila kuombwa, akaenda kwenye kopo, akatoa kadi zake za zamani, akaziweka. Mashine ikaunguruma kwa raha, na orodha ya unga ya kambi nzima ikaanza kutoka, majina baada ya majina.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikatamani sakafu inifunike. Programu iliandikwa na wageni zamani, nao walikwisha kuondoka na maarifa yao. Maneno yale matatu waliyafungia ndani ya tumbo la mashine. Ndani ya kitabu kulikuwa na maneno ya aina mbili: yale niliyomwambia opereta, ambayo ningeweza kuyapanga na kuyapamba nitakavyo, na yale ambayo opereta alitakiwa kuyafikisha kwa mashine kama yalivyo. Mimi niliyapaka yote rangi moja. Kitabu changu kilikuwa safi, kilikuwa wazi, kilikuwa na mtindo mmoja, na mtu ambaye angekifuata hangepata unga hata kikombe. Kilifanya kazi miezi miwili kwa sababu hakuna aliyekitumia. Mzee aligeuza kurasa tu, ili mimi nikichungulia nione.

Mjumbe hakuwa na nafasi ya kunihurumia. "Donc mashini njo inakataa Zaïre," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu ataandika nini kwenye ripoti. Akauliza kama mashine inaweza kufunguliwa ielekezwe upya. Mkurugenzi akajibu kwamba hata kuifungua hatuna ruhusa. "Mashini haina yetu. Ni ya kupangisha. Benyewe beko ku Bulaya."

Ndipo mzee akakohoa.

"Citoyen, kama benyewe ni bageni, basi nayo iko mugeni."

"Unasema nini?"

"Ule ingénieur Mubeleji wa kule fonderi, kwenye banayeyusha shaba. Tunamuitaka citoyen?"

"Hapana. Tunamuita monsieur."

"Na kravate anavalaka?"

"Anavala. Yee hakatazwi, iko mugeni."

"Njo vile," mzee akasema.

Mjumbe akaketi kwenye sanduku la kadi. Niliona wazo likimwingia taratibu, na uso wake ukifunguka. Waraka ulikuwa wa raia. Wageni waliruhusiwa tai zao, majina yao na ukaidi wao, na hakuna aliyeona kwamba nchi imetukanwa. Akasimama akanyoosha shati lake.

"Mashini iko étranger," akatangaza. Akaamuru kwamba katika kitabu maneno ya mgeni yatengwe, kila moja lizungushiwe fremu, yasichanganyike na maneno ya wananchi, na raia yeyote asithubutu kubadilisha kilichomo ndani ya fremu. Nimeandika vitabu vingi vya maelekezo tangu hapo, na sijawahi kupata sheria bora kuliko hiyo. Niliipata kutoka kwa mtu aliyeogopa karatasi. Kuanzia wiki iliyofuata, kila akiingia chumbani mjumbe aliiambia kompyuta "bonjour, monsieur" na kuinamisha kichwa kidogo.

Nilifikiri yameisha. Lakini ripoti ya tume ilikuwa na fomu yake, na kwenye fomu kulikuwa na mstari usioruhusiwa kubaki mtupu: aliyesababisha. Mimi ndiye niliyeketi kuipiga chapa. Mjumbe akafikiri kwa sauti huku akitembea. Mashine haina kosa, ni mgeni. Kitabu hakina kosa, kilifuata waraka. Waraka ni waraka. Amebaki opereta, ambaye kwa miezi miwili alitumia maneno yaliyokatazwa kabla mashine haijatambuliwa kuwa mgeni.

"Andika opérateur," mzee akaniambia. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenisomea namba ya kadi. "Andika, mama, bantu barudie ku manyumba."

Barua ya kufukuzwa ilikuwa mezani, imebakia sahihi tu. Nilitazama mkono wake, ule uliokuwa umeshika kopo. Kuandika kwamba mimi ndiye niliyekosea kusingetosha, maana mjumbe angesema nilitii waraka, na kama aliyetii amekosa, basi waraka wenyewe umekosa, jambo ambalo halikuwezekana. Ilibidi nipate sentensi ambayo ingewaacha wote salama, waraka, kitabu, mashine na mzee, na ndani yake abaki mtu mmoja tu. Kwa mara ya kwanza maishani kuandika kwa uwazi kuliniogopesha.

Nikapiga chapa: Dactylo alitumia waraka wa raia kwa mgeni, bila idhini na bila kumwuliza opereta, ambaye aliendelea kumhudumia mgeni kama inavyostahili.

Mkurugenzi akasoma mara mbili. "Citoyenne, uko sûre?"

"Iko clair, citoyen directeur."

Mjumbe akaisoma akitafuta mahali pa kuogopea, akakosa. Wakasaini wote. Barua ya mzee mkurugenzi aliichana mwenyewe vipande vidogo akavitia mfukoni mwa abakosti.

Adhabu yangu ilitoka Jumanne. Nilikatazwa kugusa mashine ya chapa kwa mwaka mzima, nikahamishiwa chini kwenye chumba cha kumbukumbu, na nikaingizwa kwenye kundi la akina mama wanaocheza ngoma za chama wageni wakubwa wakija. Nilicheza vibaya. Kila waliporusha mguu wa kushoto mimi nilikuwa bado nahakikisha wa kulia, na baada ya mara chache waliniweka safu ya mwisho, nyuma ya mama mmoja mnene. Nililia mara nyingi huko chini, si kwa ajili ya ngoma. Niliipenda kazi yangu, nikaikosa vibaya sana.

Mzee hakunisemesha siku tatu. Nilikutana naye kwenye ngazi akapita kama hanijui, na hilo liliniuma kuliko adhabu. Siku ya nne alishuka kwenye chumba cha kumbukumbu na kitabu kwapani, kalamu nyekundu mfukoni. Akavuta kiti.

"Miezi mbili nilikuficha," akasema, "na weye unajitoa mu saa moja."

Kisha akafungua ukurasa wa kwanza. Kwa kuwa mashine ya chapa nilikatazwa, ilibidi kazi ifanyike kwa mkono. Yeye alinitajia neno la mgeni, mimi nikafuta langu, nikaandika lile la zamani, nikalizungushia fremu nyekundu kwa rula. Ukurasa baada ya ukurasa, saa ya chakula, karibu kila siku, mpaka miezi yake ikaisha. Alistaafu bila doa. Nyumba alibaki nayo, na wajukuu waliendelea kukimbia humo ndani.

Siku tulipofika ukurasa wa kumi na mbili nilishindwa kuvumilia.

"Papa, ulionaka lini kama ni mubaya?"

"Siku ile ile. Ulinipatia asubuhi, miye nikaona mbele ya saa sita."

"Na haukuniambia!"

"Nilisema, nitamuambia kesho. Kesho yake ukaleta mandazi, ukagawia bantu bote ba service, unaimba. Nikasema, basi, tuseme lundi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Lundi ukanisomea barua yenye uliandikia mama yako, juu ya kitabu. Nikasema mardi." Jumatatu ikageuka Jumanne.

"Miezi mbili, papa."

"Eeh, miezi mbili. Kila asubuhi nilikuangalia mu kioo ya mulango, unacheka. Weye, ungechagua siku gani?"

Nikalaza rula kwenye mstari wa tatu. Nikafuta CITOYEN, nikaandika MONSIEUR, nikachora fremu.